Mtoto Atalala Wapi? Usingizi wa Watoto Wadogo Kwenye Vyumba vya Meli za Kitalii

Swali la kwanza la kumuuliza wakala wa safari za meli lisiwe bei, wala visiwa mtakavyoshuka. Liwe hili: mtoto atalala wapi?

Ninawaandikia wazazi wenzangu tunaoishi Houston na miji ya jirani. Kila likizo ya shule ikikaribia, makundi yetu ya WhatsApp hujaa matangazo ya meli zinazoondoka bandari ya Galveston, hapa Texas, kwenda Cozumel na Costa Maya huko Mexico, na Roatán huko Honduras. Ni rahisi kuelewa kwa nini tunavutiwa. Bandari iko mwendo wa saa moja hivi kwa gari, hakuna tiketi za ndege, chakula kimo ndani ya bei, na watoto wana mabwawa ya kuogelea asubuhi hadi jioni. Matangazo yanaonyesha hayo yote. Ambacho hayaonyeshi ni chumba saa mbili usiku, watu wanne ndani, mmoja ana miezi tisa na anaota meno.

Chumba cha ndani, yaani kile kisicho na dirisha ambacho ndicho cha bei nafuu, mara nyingi kina mita za mraba 13 hadi 17, choo na bafu humohumo. Kuna kitanda kikubwa, ambacho kwa kweli ni vitanda viwili vyembamba vilivyosogezwa pamoja. Kuna meza, kabati, pengine kochi dogo, na njia ya kupita mtu mmoja. Wanaposema chumba kinachukua watu wanne, wanamaanisha kwamba wawili watalala kwenye kitanda hicho, na wawili waliobaki watalala kwenye vitanda vinavyoshushwa kutoka darini au ukutani, au kwenye kochi linalokunjuliwa. Mchana vitanda hivyo vya kushusha vimefungwa, huwezi hata kujua vipo. Usiku vikishuka, chumba ni kingine kabisa.

Kabla hatujalipa, mimi na baba watoto tulichukua tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi, tukachora chumba kizima kwenye zulia la sebuleni kwa vipimo tulivyovipata kwenye ramani ya meli. Hapa kitanda, hapa kochi, hapa mlango wa bafu. Kisha tukaleta kitanda cha kukunja cha mtoto, ambacho kina kama sentimita 100 kwa 70. Tulipokiweka miguuni pa kitanda kikubwa, mlango wa bafu haukuwa na pa kufungukia. Tulipokisogeza mbele ya kochi, kochi likakosa nafasi ya kukunjuliwa. Kando ya kabati kilienea, ila kabati lisingefunguka, na nepi zote zingekuwa humo. Binti yetu wa miaka mitatu aliingia ndani ya mistari ile, akajilaza chali, akauliza bahari iko upande gani. Tulikaa pale jioni nzima tukisogeza vitu. Ninakushauri ufanye hivyohivyo, kwa sababu zulia litakujibu mambo ambayo wakala hayajui.

Jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii ni kwamba chumba cha meli kinatii sheria za bahari kabla ya kutii matakwa ya abiria. Hotelini unaweza kuomba godoro la ziada, likaletwa, mambo yakaisha. Melini kila pumzi inahesabiwa. Mtoto wa miezi sita anahesabika abiria kamili, na kila chumba kimefungamanishwa na kituo cha kukusanyikia na boti ya kuokolea yenye idadi maalumu ya watu. Ndiyo maana unaweza kukuta chumba chenye vitanda vinne lakini mtandao unakataa kuwaandikisha wanne: boti ya upande ule imeshajaa. Na ndiyo maana hamwezi kulipia watu watatu mkaja na mtoto mchanga mgongoni mkitegemea huruma ya mtu wa getini.

Kuna rafiki yangu alikasirishwa na jambo hili. Alisema mtoto anayenyonya hali chakula cha meli, hana kitanda, kwa nini alipiwe? Mimi siwezi kukasirika. Nimekulia Mwanza, na safari za utoto wangu zilikuwa za MV Victoria kwenda Bukoba, usiku kucha ziwani, watoto tukiwa tumebanana na mama kitanda kimoja cha daraja la pili. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, imebeba watu kupita idadi iliyoruhusiwa, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa hata na orodha ya majina. Mtaani kwetu kulikuwa na familia zilizokuwa zikitafuta watoto ambao hakuna karatasi iliyosema walipanda. Mwaka 2011 ikaja Spice Islander kati ya Unguja na Pemba, nayo imejaa kupita kiasi. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mwanangu mchanga lazima awe na jina, namba na nafasi kwenye boti, ninalipa. Kanuni za kimataifa za usalama baharini, SOLAS, zilizoanza kuandikwa 1914 baada ya ajali ya Titanic, zinataka meli ya safari ya saa 24 au zaidi iwe na jaketi la kuokolea la kila mtoto mchanga aliyemo. Siku ya kupanda uliza jaketi hilo liko wapi. Usisubiri king'ora. Kwenye meli nyingi watoto hufungwa mkanda mkononi wenye namba ya kituo chao; waache wakae nao hata bafuni.

Umri nao una mpaka. Kampuni nyingi hazipokei mtoto wa chini ya miezi 6, na kwa safari za kuvuka bahari kuu, zenye siku nyingi bila bandari, hutaka awe ametimiza miezi 12. Melini kuna daktari na zahanati, lakini hospitali ya watoto haipo, na nchi kavu inaweza kuwa mbali.

Sasa turudi kitandani. Siku chache kabla ya safari nilimpigia mama yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyo mdogo mtamlaza wapi humo?"

"Ana kitanda chake, mama. Tumeshakiomba."

"Chake peke yake? Juu ya maji?"

Kwake yeye, mtoto wa miezi tisa kulala mbali na ubavu wa mama ni ukiwa, na sitamcheka. Amelea sita kwa njia hiyo. Lakini mama alitulaza kwenye godoro gumu la pamba, karibu na sakafu, chini ya neti, bila mto na bila blanketi zito, na yeye mwenyewe usingizi wake ulikuwa mwepesi. Kitanda cha meli ni kirefu kutoka chini. Kina mito minne, blanketi lililojaa manyoya, na katikati kuna ufa pale vitanda viwili vilipoungana, ambao shuka linauficha. Mzazi amepigwa na jua kutwa na amekula kupita kawaida. Hapo sitaki mtoto mchanga katikati yetu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, AAP, katika mwongozo wake wa 2022 kinataka mchanga alale chali, juu ya kitu kigumu na bapa, bila mito wala vitu laini, mahali pake mwenyewe lakini chumba kimoja na wazazi kwa walau miezi sita ya kwanza. Nilipomwelezea mama kwamba kitanda chake kitakuwa hatua moja tu kutoka mkono wangu, aliguna kidogo, kisha akasema basi nimfungulie taa ndogo.

Kitanda hicho cha mchanga kampuni nyingi hutoa bure, lakini havipo vya kutosha kwa kila chumba. Kiombe siku unapoweka nafasi, kisha thibitisha kwa barua pepe, na ukifika chumbani kikague kabla ya kufungua masanduku: godoro lienee pembe zote nne, kingo zifunge sawasawa, pasiwe na godoro la pili la kuongezea ulaini. Beba shuka lake kutoka nyumbani, lile lile alilolilalia jana yake bila kulifua. Harufu ya nyumbani inafanya kazi kubwa kuliko wimbo. Na asilale usiku kucha kwenye kiti cha gari au kigari chake, hata kama amepitiwa humo akiwa mtamu. Kile kichwa kinachoinamia kifua ndicho kinachoziba njia ya hewa. Mhamishe, hata akiamka.

Kwa mtoto wa miaka miwili hadi mitano shida ni nyingine, nayo iko juu. Kitanda cha kushusha kina ngazi na kina kizuizi, na hakuna mtoto asiyekipenda. Sisi tuliosoma bweni tunakijua kitanda cha deka: aliyelala juu ni mfalme mpaka siku atakapoanguka. Ushauri wa madaktari hapa Marekani ni kwamba aliye chini ya miaka 6 asilale kitanda cha juu, na huo ni ushauri wa chumba kisichoyumba.

Bahati yetu, mhudumu wa vyumba vya upande wetu alikuwa kijana wa Mombasa. Alimsikia binti yetu akililia maji kwa Kiswahili pale ukumbini, akageuka na taulo zake mikononi, uso wote umecheka. Usiku ule wa kwanza alikuja na ufunguo wake, akauzungusha kwenye tundu dogo la darini, kitanda kikashuka polepole, kimeshatandikwa godoro na shuka. Akakipachika kizuizi, akakitikisa mara mbili kwa kiganja. Kisha akatuangalia.

"Dadangu, kwenye karatasi yenu kimeandikwa cha mtoto. Lakini huyu mdogo mwacheni chini."

"Ndivyo tulivyopanga, kaka. Lakini hiki chuma si kinazuia?"

"Chamzuia mtu kubingirika usingizini. Hakimzuii mtoto akiamka usiku amtafute mamake. Ataona giza, atashuka kwa kichwa. Nimeshaona."

Akavitenganisha vitanda viwili vya chini bila kuombwa. Kimoja akakisukuma hadi ukutani, akaviringisha blanketi jembamba, akalipitisha chini ya shuka upande wa nje, likawa tuta refu la kumzuia mtoto asiteleze. Kingine kikawa changu. Kitanda cha mchanga kikaingia katikati, karibu na mkono wangu, na upande wa miguu ukabaki wazi moja kwa moja mpaka mlangoni. Hilo la njia alilisisitiza sana: usiku wa dharura taa zinaweza kuzimika, na mtu aliyebeba mtoto asikanyage sanduku. Masanduku yote akayasukuma chini ya vitanda. Baba watoto akapanda juu, akakunja magoti, akalala kama jiwe. Mpangilio ule haukuwa kwenye kijitabu chochote cha kampuni, na mpaka leo naona ndio bora kwa familia yenye mchanga na mtoto mwingine mdogo aliyemtangulia. Waheshimuni sana wahudumu wa vyumba, jamani. Wanafanya kazi miezi mingi mbali na watoto wao wenyewe, na wanajua kila msumari wa chumba chako. Bahasha ya bakshishi ya mhudumu wako iandaliwe kabla ya siku ya mwisho.

Kuhusu mahali chumba kilipo, wahenga wa pwani walishasema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Meli ikipanda na kushuka, ncha za mbele na nyuma ndizo zinazosafiri sana. Katikati na chini ndiko kwenye utulivu. Mtoto mwenye kichefuchefu hawezi kukuambia ana kichefuchefu. Analia tu, au anakataa kulala, nawe unadhani ni meno. Chumba cha katikati, sitaha za chini, ni bei ndogo mara nyingi kuliko cha juu chenye jina zuri, nami ningekichagua hata kama bei zingelingana.

Kisha tazama kilicho juu na chini ya chumba chako kwenye ramani ya meli. Juu ya dari yako pakiwa na sitaha ya bwawa, alfajiri utasikia viti vikiburutwa. Chini yako pakiwa na ukumbi wa muziki, mdundo utapanda kupitia chuma mpaka usiku wa manane. Mbele kabisa kuna nanga na mashine za kusogeza meli pembeni wakati wa kutia bandarini, na kazi hiyo hufanyika saa kumi na mbili asubuhi, pale pale mchanga amepata usingizi wa pili. Vyumba juu, vyumba chini, vyumba pande zote: hicho ndicho chumba cha watoto.

Giza la chumba cha ndani linagawanya wazazi. Ukizima taa, huoni mkono wako mbele ya uso, mchana na usiku ni sawa. Kwa usingizi wa mchana wa mtoto sijaona kitu kizuri zaidi. Analala kwa muda wa saa mbili nzima wakati nje jua linachoma. Usiku ni habari nyingine, kwa sababu anayeamka gizani mahali pageni hajui yuko wapi. Taa ndogo ya betri inatosha. Meli nyingi zina chaneli ya televisheni inayoonyesha picha ya kamera ya mbele ya meli. Washa hiyo, zima sauti. Usiku inatoa mwanga hafifu, na kukipambazuka mtoto anaona bahari inang'aa, anajua asubuhi imefika. Binti yetu aliiita dirisha lake.

Mateso ya kweli ni saa moja usiku. Mchanga amelala. Mkubwa anafuata. Ninyi wawili mko macho kwenye chumba kimoja chenye giza, mnanong'ona, mnaogopa kufungua pakiti ya biskuti, na milango yote ya starehe ya meli iko wazi huko nje. Kwa hili watu hulipia balkoni, wakae nje na kikombe cha chai watoto wakilala ndani. Sitamkataza mtu, ila nina msimamo: familia yenye watoto wawili wadogo ilinganishe kwanza bei ya chumba kimoja chenye balkoni na bei ya vyumba viwili vya ndani vyenye mlango wa kati. Mara nyingi tofauti si kubwa kama unavyodhani, kwa kuwa abiria wa tatu na wa nne chumba kimoja bado wanalipa. Mnapata mabafu mawili, makabati mawili, na mchanga anapolia saa nane usiku mkubwa haamki. Kwenye karatasi kampuni nyingi hutaka kila chumba kiandikishwe na mtu mzima. Baba anaandikwa huku, mama kule, mkishapanda mnajipanga. Mlango ufunguliwe muda wote na mtu mzima mmoja alale kila upande.

Na mkichukua balkoni, kiti na meza visikae kamwe karibu na ukingo. Mtoto wa miaka mitatu anajua kuburuta kiti. Mlango uwe na kitasa kilichofungwa juu kila mkiwa ndani, hata kama mnaona joto.

Meli za Disney zimelifikiria hili la jioni kuliko wengi: vyumba vina pazia zito linalotenga kitanda cha wazazi na kochi la watoto, na bafu limegawanywa sehemu mbili. Zimo zilizojengwa Papenburg, Ujerumani, Disney Dream ikiwa mojawapo, na kampuni ile ile ya Meyer iliyoijenga MV Liemba yetu ya Ziwa Tanganyika mwaka 1913. Kwingine, wazazi hutundika shuka kwa sumaku, maana kuta ni za chuma chini ya rangi. Muulize mhudumu kwanza, kwa sababu baadhi ya kampuni hazitaki kitambaa kining'inie karibu na taa wala na vinyunyizio vya moto vya darini, na wana haki.

Vitu vidogo nitavipitia haraka. Beba makintoshi ya kutandika chini ya shuka la mtoto aliyeacha nepi juzi. Mahali pageni, maji mengi na juisi za bure, atakojoa. Kiyoyozi cha chumba hakisikii amri kila mara, kwa hiyo mvalishe mchanga kifuko cha kulalia chenye zipu badala ya blanketi. Bafu halina beseni, basi beba la kujaza upepo. Birika la umeme watakunyang'anya getini, na hata waya wa kuongeza soketi unaweza kuzuiliwa. Maziwa utayapasha kwa bakuli la maji ya moto kutoka mgahawani.

Usiku wa mwisho wahudumu hukusanya masanduku makubwa mliyoyatoa nje ya mlango wa chumba kabla ya usiku wa manane, nawe huyaoni tena mpaka bandarini. Hapo ndipo wazazi hugundua kwamba nepi, shuka la mtoto na taa yake vimeshaondoka navyo. Tenga begi la mkononi mapema jioni: nepi za usiku na asubuhi, nguo mbili kwa kila mtoto, maziwa, dawa ya homa, nyaraka, na viatu vya kila mmoja. Viatu ndivyo watu husahau zaidi, na forodhani Galveston foleni ni ndefu.